Chapa ya Dang'a

Mlango wa josho ulipomwita mwanangu ng'ombe, watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Nilidhani mashine imeingiwa na vumbi.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kuogesha. Nilikuwa nimewapeleka ng'ombe watano wa Mzee Luhende, wale niliokuwa nawatunza tangu mume wangu yuko hai, na Milembe, ambaye sikuwahi kumleta josho, nilimbeba mgongoni. Alikuwa na miaka sita, mkubwa wa kutembea, lakini njia ni ndefu na mimi ni mama wa wasiwasi, kila mtu kijijini anajua. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja katikati ya zile nguzo mbili, na mlango ukawataja kwa sauti yake ya kike: "Jike, mali ya Luhende. Jike, mali ya Luhende. Dume, mali ya Luhende." Walipokwisha watano nikapita mimi. Mlango ukasema:

"Jike, mali ya Luhende. Jumla sita."

"Haa! Mama Milembe umezaa ndama!" akapaza sauti mzee mmoja kwenye foleni.

"Mwangalieni kwato!" akadakia mwingine.

Milembe akanyoosha mguu kutoka kwenye khanga, akawachezeshea vidole. Watu hoi kwa kicheko.

Kasongwa, bwana mifugo wetu, hakucheka. Alikuja na mashine yake ya mkononi, akaipitisha nyuma ya sikio la mwanangu, akaitazama, akaipitisha tena. Kisha akaniita kwa sauti ndogo, kama tunavyomwita mama kwetu, "Mayu, njoo huku nyuma ya stoo."

Kwa asiyeijua mbegu inayosomwa na mlango ule, nieleze kidogo, nami nitaeleza kama nilivyoelezwa, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Babu zetu walikata masikio ya ng'ombe, kila ukoo na mkato wake. Mwizi akakata zaidi mpaka sikio likaisha. Ikaja chapa ya moto, mwizi akachoma juu yake. Zikaja hereni zenye namba, mwizi akaja na koleo. Ndipo ikaletwa mbegu. Ni kitu hai, kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ng'ombe anachomwa mara moja tu, inakwenda kukaa kwenye mishipa ya fahamu na kuzaana humo humo, na kila kimbegu kimebeba jina la mwenye mali. Huwezi kuikata. Huwezi kuichoma. Na uzuri wake, walisema, ni kwamba hakuna haja ya kuchanja ndama. Ndama anaipata kwa mama yake, kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku ya kwanza. Akinyonya tu, ana chapa.

"Umewahi kumpa mtoto dang'a?" Kasongwa aliniuliza.

"Ya miguu? Nilimpa. Nani hajampa mwanawe?"

Akashika kichwa.

Kwetu mtoto akichelewa kusimama, mama yake anakwenda kuomba dang'a ya miguu. Haiombwi kwenye zizi la baba yake mtoto. Lazima itoke zizi la mtu mwingine, iwe ya siku ile ile ng'ombe alipozaa, na hainyweshwi baada ya kuchemshwa kwa sababu ikichemshwa inaganda. Mtoto anashikwa asimame, ananyweshwa ikiwa vuguvugu kama ilivyotoka. Na anayeombwa hakatai, hata kama mna ugomvi. Milembe alikuwa na mwaka na nusu hajasimama. Ng'ombe aitwaye Mabala akazaa pale pale uani kwangu, na kwa kuwa alikuwa wa Luhende nikaona bahati iliyoje, dang'a ya zizi la mwingine na sijatembea hata hatua kumi.

"Kwenye karatasi za maabara wameandika," Kasongwa akasema, "dang'a hainywewi na binadamu."

"Walimuuliza nani?"

"Hawakuuliza mtu."

"Sasa mnaitoaje mwilini?"

"Mimi siwezi. Mbegu inamsikiliza mwenye mali peke yake. Luhende afungue simu yake, amtafute mtoto kwenye uzao wa Mabala, abonyeze Amekufa. Basi, mbegu zote mwilini zinakufa, mtoto anabaki salama." Akatazama huku na huku. "Lakini habari ya dang'a usiitoe, mayu. Wakubwa wanachunguza. Nitasema alichomwa sindano kwa bahati mbaya kwenye kibanio cha ng'ombe siku ya chanjo."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu bwana mifugo kasema, na kwa sababu niliona aibu. Kumbukeni hapo.

*

Mzee Luhende alinipokea vizuri. Aliniletea kiti, akaniuliza habari za mahindi. Nilipomweleza habari ya sindano akacheka mpaka akatoa machozi.

"Kwa hiyo nina binti kwako na sikuwa na habari!"

"Baba, bonyeza hapo tu. Amekufa. Kasongwa amesema ni jambo la dakika moja."

Akavaa miwani, akatazama simu, akavua miwani. "Mama Milembe, unajua bonde la mto linalisha watu gani?"

"Wenye ng'ombe mia mbili."

"Mia mbili kamili. Wakihesabu pungufu, mnara unaohesabu mbegu unanifungia malisho. Mimi leo ninao mia mbili." Akaninyooshea simu nione. "Pamoja na Milembe."

"Baba, ni mtoto!"

"Namjua ni mtoto. Anakula nini kwangu? Hali majani. Acha akae kwenye hesabu mpaka ndama azaliwe, nitamtoa. Kwani inamuuma?"

Haikumuuma. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Mtoto alikuwa anacheza, anakimbia, anaimba. Ndama wakazaliwa, wengine wakafa kwa kiangazi, na kila nilipokwenda alikuwa na mia mbili kamili pamoja na Milembe, na kila mara neno lilikuwa lile lile, subiri.

Mwaka ule ule ikatimia miaka saba tangu tumpokee Mabala. Mtu ukitunza ng'ombe wa mwenzio miaka saba unapewa mtamba mmoja awe wako. Luhende akasema mume wangu ndiye aliyepewa ahadi hiyo, na mume wangu amekufa. Akatuma mtu aje kumchukua Mabala na uzao wake wote. Nikasimama kwenye mlango wa zizi na mchi mkononi. Nikasema Mabala hatoki mpaka mtamba wangu abaki.

Yule mtu akarudi kusema, "Mwanamke amekatalia ng'ombe."

Mwenye mali akikataliwa ng'ombe, kwenye simu kuna neno Ameibiwa. Ukilibonyeza, mnara unapeleka habari, na mbegu inakaza miguu ya mnyama popote alipo, analala chini asiweze kusimama, mwizi anamwacha anakimbia. Waliweka muda wa saa sita. Kabla hazijaisha hata mwenye mali hawezi kumwamsha, ili mwizi asije akamwekea panga shingoni amlazimishe. Baada ya saa sita unabonyeza Amepatikana, anaamka. Usipobonyeza, shauri yako, analala hapo hapo.

Luhende alibonyeza Mabala. Simu ikamuuliza: na uzao wake wote? Akabonyeza Ndiyo.

Mimi nilikuwa napepeta mtama. Niliona Mabala anakunja miguu ya mbele kama anayepiga magoti, nikasema ana nini huyu, na nikasikia nyuma yangu kindoo cha maji kimeanguka.

Mwanangu alilala siku tatu. Macho yanaona, mdomo unaongea, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni kuni. Nilimsugua mafuta, nilimsugua majivu ya moto, nilimbeba mpaka zahanati na wao wakatikisa vichwa. Alikuwa ananiuliza, "Mama, nimekosa nini?" Nilikimbia kwa Luhende. Alikuwa amekwenda harusini mbali, na simu yake amezima. Siku tatu anacheza ngoma. Siku ya nne alirudi, akaambiwa njiani, akabonyeza. Ng'ombe wanne wakaamka. Mabala hakuamka, alikuwa ameshakufa. Milembe akaamka kuanzia kiunoni mpaka magotini. Chini ya magoti hapakuamka mpaka leo.

Wazee walikaa. Luhende alisema alisahau kwamba mtoto yumo. Wazee wakaamua nipewe mtamba wangu, na kwamba suala la mtoto ni ajali ya sindano. Nikauliza, na hilo jina kwenye damu yake? Luhende akajibu kwamba Mabala amekufa na mtamba ameondoka, na hata akinunua wawili kuziba pengo, mia mbili inatimia pamoja na Milembe tu. Hawezi kushuka zaidi. Lakini aliapa mbele yao hatabonyeza tena kitu bila kutazama.

Alidhani kiapo kinanilaza usingizi.

*

Miaka miwili nilimchukia mtu yule kwa namna ambayo sikujua mwili wangu unaweza. Nilikuwa nasaga, namsaga. Nachota maji, namzamisha. Mwanangu anajikokota kwenda msalani kwa mikono, na kule bondeni kuna mzee ambaye kidole chake kikikosea tu, au akikasirika tu, au akilewa tu, mwanangu analala tena. Mama yeyote ajiulize angelala vipi.

Yule mtamba wangu Kasongwa alimchoma mbegu mpya yenye jina langu, Minza. Nikanunua simu kwa kuuza mtama, nikajifunza. Mtamba akakua, akapandwa, na mwezi wa tatu akazaa.

Siku ile ile aliyozaa, asubuhi, Holo akaja.

Holo ndiye mke mdogo wa Luhende. Msichana wa miaka kama ishirini na mbili, mpole, amebeba kitoto chake cha mwaka na miezi, Nshoma. Akasimama mbali kidogo, akapiga goti.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Karibu."

"Sitakaa. Nimesikia ng'ombe wako amezaa." Akamshusha mtoto, akajaribu kumsimamisha. Vimiguu vikakunjika. "Huyu hajasimama. Wenzake wanakimbia. Nimekuja kuomba ya miguu."

Nilimtazama. Nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu.

"Mume wako anajua umekuja hapa?"

"Hajui. Angenikataza kwa aibu. Lakini hii haikataliwi, mayu, hata kama mmegombana."

Hakujua. Nani angemwambia? Kijiji kizima kiliambiwa sindano. Mimi na Kasongwa tu ndio tuliojua, na sote wawili tulifunga midomo, yeye kwa kuogopa wakubwa zake na mimi kwa aibu yangu. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza hata kusema, iache nichemshe kwanza, ingeganda, akaondoka akidhani mimi ni mjinga. Kisa hiki kingeishia hapo.

Nilisema, "Ngoja nilete kikombe."

Nilikamua mwenyewe. Ilikuwa njano, nzito, yenye joto. Nilimshika Nshoma makwapani asimame, kama inavyotakiwa, na Holo akamnywesha. Kitoto kilikunywa chote, kikalamba midomo, kikanicheka. Kina meno mawili ya chini.

"Mungu akubariki, mayu," Holo akasema. "Na Milembe ajaliwe."

Baada ya siku tisa simu yangu ilionyesha ndama wawili.

*

Sikuwa na haraka. Nilisubiri mpaka Jumanne nyingine ya kuogesha, nikijua Holo hupita pale mlangoni na mtoto mgongoni kwenda kisimani. Mlango ukasema mbele ya watu wote: "Jike, mali ya Minza. Jumla moja."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake, saa nne asubuhi, walikuja uani kwangu watatu: Luhende, Holo na mtoto mgongoni, na Kasongwa na mashine yake. Milembe alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage. Luhende hakungoja kiti.

"Minza, wewe ni mchawi."

"Mimi ni mfugaji, baba. Nina ng'ombe mmoja, na ndama wawili."

"Ulimchoma mtoto wangu sindano!"

"Muulize Kasongwa kama kulikuwa na sindano."

Kasongwa akatazama viatu vyake. Kisha akasema yote, dang'a, karatasi za maabara, wakubwa wanaochunguza. Alipomaliza, Holo alinigeukia taratibu.

"Ulijua? Siku ile unamshika hivi, ulikuwa unajua?"

Nilimwambia Luhende, "Mtoe mwanangu."

"Nikimtoa, utamtoa wangu?"

"Mtoe kwanza."

"Malisho—"

"Baba Nshoma!" Holo akapiga kelele, na sidhani kama alikuwa amewahi kumpigia kelele mumewe. "Bonyeza!"

Luhende alivaa miwani yake. Akakosea mara mbili. Akabonyeza Amekufa. Kasongwa akapitisha mashine nyuma ya sikio la Milembe, kimya. Akaipitisha shingoni, mgongoni, kimya. "Ameisha," akasema. "Hana kitu. Ni mtoto wa mama yake."

Miaka miwili nilikuwa nimeomba nisikie maneno hayo. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilitazama miguu ya mwanangu imenyooka mbele yake kama ya mtu mwingine, na lile jambo nililodhani litatoka kifuani halikutoka. Likakaa vizuri zaidi.

"Haya, mayu," Kasongwa akasema. "Zamu yako."

Nilifungua simu. Maneno ni matatu, yamefuatana: Amekufa. Amepatikana. Ameibiwa. Sikukosea. Nataka mwelewe hilo, msije mkasema mama wa watu hajasoma, kidole kiliteleza.

Nshoma alikuwa amesimama. Ndiyo, amesimama, ameshika khanga ya mama yake, anayumba, pengine dang'a huwa inasaidia kweli. Alikunjika bila sauti.

Luhende alinyanyua fimbo. Kasongwa akamkumbatia kwa nyuma, akawa anamfokea, "Ukimuua huyu hakuna wa kumwamsha! Saa sita! Ni yeye tu!" Na mzee akaiachia fimbo, akapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, akanishika miguu. Nilikuwa nimeona picha hiyo kichwani kwangu mara nyingi. Katika picha nilikuwa nasema maneno makali. Nilisema tu, "Wewe ulikuwa harusini. Mimi nitakaa hapa hapa."

Holo hakulia wala kuniapiza. Alimwokota mtoto, akaja mpaka nilipokaa, akamlaza mapajani mwangu.

"Mshike wewe," akasema. "Mimi nitamwangusha."

Akakaa chini mbele yangu.

Mtoto alinitazama. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu, alishangaa tu. Akashika kidole changu. Niliweka mkono kwenye vigimbi vyake, na hapo ndipo mwili wangu ulipokumbuka kabla yangu. Kuni. Ubaridi ule ule, ugumu ule ule chini ya ngozi laini. Nikaanza kusugua. Sikuamua kusugua, mikono ilianza yenyewe, kutoka gotini kwenda chini, kutoka gotini kwenda chini, kama nilivyosugua siku zile tatu. Nikabonyeza Amepatikana. Simu ikaandika: Bado saa tano na dakika arobaini. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza sijui mara ngapi.

"Saa sita ni saa sita, Minza," Kasongwa akasema.

Jua likapanda, likatupita. Holo alimnyonyesha akiwa mapajani mwangu, ameinama juu yangu, jasho lake likanidondokea mkononi. Luhende alikaa kwenye ukuta wa zizi kama mzee wa miaka mia. Nilisugua mpaka ngozi ya viganja ikawaka moto. Nilimwomba Mungu ambaye nilikuwa nimemwomba miaka miwili jambo la kinyume.

Saa kumi simu ilikubali. Vimiguu vikalegea. Kidole gumba cha kushoto kikacheza, kisha cha kulia, kisha vyote kumi, na Nshoma akapiga teke tumbo langu. Pale pale nikabonyeza Amekufa. Kasongwa akapima, kimya. Mtoto mzima, hana jina la mtu.

Holo akamchukua, akamfunga mgongoni, akakaza khanga mara mbili. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako, mayu? Kuna ng'ombe watatu walizaa wiki ile. Nilisema niende kwa Mama Milembe. Yule hawezi kumdhuru mtoto."

Wakaondoka. Luhende alitangulia bila fimbo yake.

Nimeandika haya kwa mkono wangu ili kila mama ayasome au asomewe. Dang'a ya ng'ombe mwenye mbegu usimpe mtoto. Usiombe, na ukiombwa, kataa, sema kwa nini unakataa, sema kwa sauti, hata bwana mifugo akikuambia nyamaza. Mimi nilinyamaza mara mbili. Wanasema wakubwa bado wanachunguza.

Na ile siku, walipotoka uani, nilibaki nimekaa pale pale, mapaja yamekufa ganzi. Milembe alikuwa bado kizingitini. Maharage alikuwa amemaliza kuyachambua zamani. Saa zote sita alikuwa anatazama.

"Njoo mwanangu," nikamwambia. "Jua limekuchoma. Nikubebe ndani."

Nikainama, nikanyoosha mikono. Aliitazama. Kisha akashusha viganja vyake chini, akageuka, akajikokota mwenyewe kuvuka kizingiti, na mlango akaufunga kwa ndani.